Kutoka Vipuri Hadi Vipuli

Kiswahili kina michezo yake. Vipuri ni vile vidude vya kurekebishia mashine: gia, springi, nati, bolti. Vipuli ni mapambo ya masikioni. Tofauti ni herufi moja tu, r na l, na wengi wetu wenye ndimi za bara hata hatuitofautishi tukiongea haraka. Leo nataka tuifuate safari hiyo ya herufi moja. Vipuri vinageukaje kuwa vipuli? Ni nani aliyeanza kuvigeuza huku kwetu, na ni nani anayelipwa?

Najua wengi wenu mnakuja hapa kusoma mambo ya programu na tarakilishi. Msiondoke! Hii pia ni teknolojia, tena ni ya zamani kuliko nyingi tunazojivunia.

Tuanze mbali kidogo. Kuna mtindo ambao umewashika watu huko Ulaya na Marekani, unaitwa stimpanki. Jina lilitungwa mwaka 1987 na mwandishi wa riwaya za kisayansi K. W. Jeter, katika barua aliyoipelekea jarida la Locus. Alikuwa anatafuta neno la kuelezea hadithi zake na za rafiki zake, zilizotokea katika Uingereza ya Malkia Victoria, enzi za mashine za mvuke. Alisema kama mzaha hivi, lakini jina likashika. Kutoka vitabuni mtindo ukahamia kwenye mavazi na mapambo. Mtu ananunua saa mbovu, anaifungua, anatoa gia zake ndogo za shaba, anazigandisha kwenye kibati, anaweka mnyororo, na hapo pana kidani. Wengine hutumia funguo kuukuu, skrubu, lenzi za kamera, vipande vya mabomba. Wazo lenyewe ni hili: tuseme dunia isingeenda kwenye umeme na tarakilishi, ingebaki na mvuke na shaba. Ingependeza vipi?

Sina ugomvi na mtindo huo. Vitu vingine ni vizuri kweli. Lakini mtu wa Nairobi akiutazama lazima acheke kidogo, kwa sababu kwetu mvuke haukuwa ndoto ya kuwazia. Nairobi yenyewe ilizaliwa na gari la moshi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali ambapo sasa ni Nairobi mwaka 1899, ikagota Ziwa Victoria, Kisumu, mwaka 1901. Nenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi ukayaone magarimoshi ya daraja la 59, yaliyotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila moja lina uzani wa zaidi ya tani 250 na yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Yalibeba mizigo kati ya Mombasa na Nairobi hadi miaka ya 1970. Babu zetu hawakuvaa mvuke shingoni. Walipigwa nao moshi wa macho.

Hata hivyo, kugeuza chuma cha mgeni kuwa pambo ni jambo ambalo huku kwetu lilitangulia reli yenyewe. Tena lilitangulia kwa miaka mingi.

Misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa katika karne ya 19 ilibeba mizigo ya aina tatu mikubwa: nguo, shanga na waya. Waya mnene wa shaba uliitwa masango. Waya wa chuma uliitwa seng'enge, neno ambalo tunalo mpaka leo, ila siku hizi tunalitumia zaidi kwa ua wa shamba. Henry Morton Stanley alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, ilibidi aulize wafanyabiashara kitu gani kinapokewa wapi. Aliandika kwamba huko bara shanga zilishika nafasi ya sarafu za shaba, nguo nafasi ya fedha, na waya, ukishavuka Ziwa Tanganyika, nafasi ya dhahabu. Hata unene ulikuwa na namba zake. Waya uliotakiwa ulikaribia unene wa waya wa simu za maandishi, yaani telegrafu.

Sasa jiulize: watu wa bara walikuwa wanafanya nini na mizigo yote hiyo ya waya? Hawakuwa na umeme wa kuunganisha. Walivaa. Wanawake wa Kimasai walizungushia mikono na miguu waya wa chuma hadi uzani ukafika kilo kadhaa. Wahunzi waliufua, wakaunyoosha, wakausuka mikufu na vikuku. Viwanda vya Ulaya vilitengeneza waya. Fundi wa bara ndiye aliyeupa kazi.

Nasisitiza hapo kwa sababu historia nyingi husimuliwa kana kwamba bidhaa ya kiwanda ilikuja huku na matumizi yake ndani ya boksi. Hapana. Sisi waandishi wa programu tunalijua vizuri jambo hili: unaandika kitu kwa kazi moja, mtumiaji anakifanyia kazi nyingine kabisa, na mara nyingi kazi ya mtumiaji ndiyo inayodumu.

Halafu reli ikaja, na pembeni yake ikaja telegrafu. Hebu fikiri. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakibadilisha pembe za ndovu na mbuzi kwa vipande vya waya. Ghafla anatokea mtu, anasimika nguzo, ananing'iniza maili na maili za waya huo huo hewani, anauacha usiku bila mlinzi! Katika nchi ya Wanandi waya ukakatwa tena na tena ukawa mapambo, na bolti za reli zikawa silaha. Kamishna wa Uingereza wa wakati huo, Sir Charles Eliot, aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1905 maneno ambayo maana yake ni hii: hebu Wazungu wafikirie wizi ungekuwaje kwenye reli za Ulaya kama nyaya zake zingekuwa vidani vya lulu na vyuma vyake bunduki nzuri za kuwindia. Huyo ni bwana mkoloni mwenyewe akikiri kwamba angekuwa upande wa pili, naye angeona kishawishi.

Lakini tusilifanye jambo hilo kichekesho tu. Kwa Wanandi, kukata waya ilikuwa pia vita. Walipinga kuingiliwa nchi yao kwa zaidi ya miaka kumi, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwezi Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa kuwa wa amani. Waya ule ule mmoja ulikuwa vitu vitatu: kwa serikali ni mawasiliano, kwa fundi ni malighafi, kwa shujaa ni mpaka uliovukwa. Ukumbuke waya huu, maana tutakutana nao tena mwaka 2022.

Sasa twende Kibera. Jina linatokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles walianza kupewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, kuanzia 1904. Leo Kibera ni vijiji vingi vilivyobanana: Makina, Laini Saba, Lindi, Kianda, Gatwekera, Silanga, na Mashimoni, ambayo jina lake halihitaji kamusi. Reli ya kwenda Kisumu inapita ndani ya mtaa. Ukivuka kidogo upande wa magharibi ya jiji uko Kawangware, nako mambo ni yale yale: vibanda vya mabati, mikokoteni, na mtu anayepita akinunua vyuma kwa kilo.

Huyo mnunuzi wa vyuma ndiye mwanzo wa mnyororo. Anakusanya koki za maji zilizokufa, kufuli zisizo na funguo, vali, viunganishi vya mabomba. Vyote hivyo ni shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Anaviuza kwa uzani. Fundi wa mapambo ananunua kwake, na hapo ndipo elimu inapoingia.

Wacha niieleze kazi yenyewe kama ambavyo ningeeleza programu, hatua kwa hatua. Kwanza fundi anachambua: chuma cha kawaida kinashikwa na sumaku, shaba haishikwi. Pili anaandaa kalibu. Ana fremu mbili za mbao zinazokaa moja juu ya nyingine, amezijaza mchanga laini wenye unyevu kidogo. Anagandamiza ndani kielelezo cha bangili au hereni, anakitoa polepole, na shimo linabaki na umbo lake. Anachonga mfereji mdogo wa kupitishia madini. Tatu anawasha makaa na kupuliza hewa kwa mvukuto au feni, chungu cha kuyeyushia kikiwa katikati ya moto. Shaba nyekundu peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi. Ya manjano huwahi, kwenye nyuzi 900 na kitu. Nne anamimina, kwa mkono usiotetemeka. Tano anavunja mchanga, anatoa kitu cheusi kibaya kisichotamanika. Sita ni tupa, msasa, na mota ya kung'arishia. Koki iliyokuwa ikivuja jana sasa inang'aa kama dhahabu.

Pembeni ya kazi hiyo iko nyingine ya mifupa na pembe za ng'ombe. Kundi la Victorious la Kibera limejulikana kwa ufundi huo. Mifupa inatoka machinjioni, inachemshwa mafuta yatoke, inakatwa, inasuguliwa, inapaushwa mpaka iwe nyeupe pe. Ukitaka michoro, unachora kwa nta iliyoyeyushwa, unatumbukiza mfupa kwenye rangi nyeusi, halafu unaondoa nta: palipofunikwa panabaki peupe. Ni kanuni ile ile ya batiki. Mfupa mweupe, mchoro mweusi na pete ya shaba vikikutana kwenye mkufu mmoja, msimamizi wa duka la London hatajua kwamba anashika supu na kufuli.

Kuna jambo moja la afya ambalo ni lazima niliseme, hasa kwa wale watakaotaka kujaribu nyumbani. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, karibu kabisa na joto la kuyeyushia shaba ya manjano. Kwa hiyo ukizidisha moto, moshi mweupe unaouona ni zinki inayotoroka, na ukiuvuta utapata homa na baridi ya mwili jioni. Koki nyingi za zamani pia zina risasi kidogo ndani yake, ile madini ya risasi, na hiyo haitoki mwilini kirahisi. Mafundi wengi hufanya kazi hii kwenye kibanda kimoja kisicho na dirisha la kutosha. Anayeanza na aanze na ufundi baridi: gia za saa mbovu, funguo, springi, koleo na waya mwembamba. Hauhitaji moto kutengeneza hereni nzuri. Na vibao vya saketi vya tarakilishi usivichome hata siku moja. Ukitaka kuvivaa, kata kwa msumeno ukiwa umefunika pua na mdomo, laini kingo, kisha paka vanishi.

Kwa muda mrefu kazi hii yote haikuwa na jina rasmi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya iliyoupa ulimwengu mzima neno la sekta isiyo rasmi. Wakenya tulikuwa na neno letu lililo bora zaidi: jua kali. Watu wanaofanya kazi juani. Lakini fundi wa jua kali alisifiwa kwa kutengeneza jiko, sanduku na karai. Kwamba anaweza kuwa msanii, hilo lilichelewa.

Aliyewafanya wengi wageuze shingo ni Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kukulia Korogocho, jirani na jaa la Dandora. Alipokuwa mdogo alitamani miwani. Baba yake akamjibu kwamba kama anaitaka, ajitengenezee. Akajitengenezea! Kwa waya, vifuniko, vijiko, vipande vya redio na vya baiskeli. Miwani hiyo, aliyoiita C-Stunners, haisaidii kuona chochote, lakini imezunguka dunia. Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa mmoja wa TED Fellows, na mwaka 2015 kazi zake zilikuwa katika maonyesho ya Making Africa ya jumba la Vitra Design Museum nchini Ujerumani. Watazamaji wa Ulaya wakiiona miwani yake huwa wanakimbilia kusema stimpanki. Mimi naona mjukuu wa wale mafundi wa masango, tofauti ni kwamba huyu jina lake limeandikwa chini ya kazi.

Na hapo ndipo penye kidonda. Jina. Kabiru ni mmoja. Mafundi wa bangili ni mamia, na bangili haiandikwi jina. Inatoka Kibera kwa bei moja, inapita kwa mtu wa kati, inafika Soko la Wamasai au uwanja wa ndege kwa bei nyingine, inafika ng'ambo kwa bei ya tatu ambayo fundi hataiamini ukimwambia. Kila anayeigusa anaongeza bei na kupunguza habari.

Watu wa fani yetu walijaribu kulitibu hilo. Mwaka 2012 Catherine Mahugu, mhandisi wa programu aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Ella Peinovich na Gwendolyn Floyd, walianzisha Soko. Wazo lao lilikuwa rahisi na zuri. Fundi hana tarakilishi, hana intaneti, pengine hata akaunti ya benki hana. Lakini ana simu ya mkononi, na tangu Machi 2007 Kenya ina M-Pesa. Basi oda ije kwa simu, malipo yaje kwa simu, na mnunuzi wa New York anunue kwenye tovuti. Badala ya kujenga kiwanda kimoja kikubwa, programu inagawa oda kubwa kwa karakana nyingi ndogo, kila mmoja akibaki kwake na vyombo vyake.

Naupenda mfumo huo kwa sababu ulianzia pale fundi alipo. Haukumwambia akanunue kwanza kompyuta. Hata hivyo tuseme ukweli: programu inaweza kufupisha njia ya pesa, lakini haiwezi kuleta shaba. Na shaba ndiyo iliyokuja kukwama.

Tarehe 11 Januari 2022 umeme ulikatika karibu Kenya nzima baada ya minara ya laini kubwa ya Kiambere kwenda Embakasi kuanguka. Uharibifu wa makusudi ulitajwa. Siku tisa baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, kuuza ndani na kusafirisha nje, hadi taratibu mpya ziwekwe. Marufuku iliondolewa mwezi Mei mwaka huo, ikiwa na masharti mapya ya leseni. Umeuona waya wetu? Miaka 120 imepita tangu nyaya za telegrafu za Eliot, na serikali na chuma bado wanatazamana kwa jicho lile lile.

Sitetei wizi wa nyaya. Umeme ukikatika, hata mashine ya kupumulia hospitalini iko hatarini, na hata mota ya fundi wa bangili inasimama. Lakini kati ya anayeangusha mnara na mama anayeuza koki yake iliyovunjika kuna umbali mkubwa, na sheria iliyowaweka kapu moja iliwafungia wote. Fundi anayenunua kilo tatu za shaba hana uwezo wa kuchunguza kila kipande kimetoka wapi. Anachohitaji ni chanzo halali kinachoeleweka: muuzaji mwenye leseni, risiti ndogo, rejista ambayo hata simu ya kawaida inaweza kuiandika. Kazi hiyo si ngumu kwa mtu anayejua kupanga data. Kijana wa chuo anayetafuta mradi wa mwisho wa mwaka, huo hapo! Mnyororo ule ule ukianza kwa kutaja koki imetoka kwa nani, unaweza pia kumalizia kwa kutaja bangili imetengenezwa na nani.

Kwa hiyo nikirudi kwenye stimpanki: wenzetu huchukua gia iliyokwisha kazi na kuivaa kwa sababu wanaikumbuka enzi ya mvuke, tena enzi ambayo hawakuiishi. Mafundi wetu wanachukua koki kwa sababu ni madini mazuri, yapo, na wana watoto shuleni. Vitu viwili vinaweza kufanana kabisa kwenye picha na visiwe kitu kimoja. Cha kwanza ni mchezo na historia. Cha pili ndiyo historia yenyewe, na haijaisha.

Ukinunua bangili ya shaba wiki hii, muulize muuzaji imetengenezwa na nani. Asipojua, muulize ni wapi. Asipojua hata hapo, basi umeshajua bei uliyotajiwa inaishia mfukoni mwa nani.